Je, Inafaa Kulipa Zaidi kwa Chumba cha Hoteli? Mwongozo wa Kuamua Kabla ya Kulipa

Umeshachagua hoteli, umeshaweka tarehe, na sasa kwenye skrini kuna vyumba vya aina tatu katika jengo lilelile. Cha kwanza kinaitwa cha kawaida, cha pili kinaitwa bora, na cha tatu kinaitwa cha kifahari, lakini picha zake zinafanana kiasi kwamba zikichanganywa hutajua ipi ni ya kipi. Kinachoonekana wazi ni bei: cha pili kinakizidi cha kwanza kwa robo, na cha tatu kinakaribia maradufu yake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msafiri aliyekwama hapo.

Sikusudii kumfundisha mtu ubahili. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na kweli chumba kibovu kinaweza kuharibu safari iliyopangwa kwa miezi. Ninachosema ni kwamba fedha ya ziada ina thamani pale tu inaponunua kitu utakachokitumia, na kwamba mambo mengi yanayotengeneza au kuharibu usiku wa hotelini hayamo kabisa katika jina la chumba. Baadhi yake hupatikana bure kwa mtu anayejua kuuliza.

Hatua ya kwanza: Hesabu saa utakazokuwa macho chumbani

Chukua karatasi uandike saa utakayofika, saa utakayolala, saa utakayoamka na saa utakayoondoka. Tuseme chumba cha kawaida ni 100 kwa usiku na chumba bora ni 140, kwa sarafu yoyote ile. Ukiingia saa tatu usiku, ukalala saa tano, ukaamka saa kumi na mbili asubuhi na kuondoka saa moja, utakuwa umekaa chumbani macho kwa saa tatu tu, kwa hiyo nafasi kubwa zaidi, kiti kizuri zaidi na mandhari ya dirishani vitakuwa vimekugharimu zaidi ya 13 kwa kila saa. Anayefika saa nane mchana kwa nia ya kupumzika, akafanya kazi mezani hadi jioni na kuagiza chakula chumbani, anaweza kufikisha saa nane za kuwa macho, na kwake tofauti ileile inashuka hadi 5 kwa saa. Chumba ni kimoja na bei ni moja, ila kwa mmoja ni anasa na kwa mwingine ni ununuzi wa busara.

Somo hili nililipata kwa gharama. Niliwahi kulipia chumba cha mandhari ya maji, na nilijivunia uamuzi huo kwa wiki nzima kabla ya safari. Nilifika usiku, nikafungua pazia, nikaona taa ya roshani, wadudu wanaoizunguka, na nyuma yake giza tupu. Gari la kunichukua lilikuja kabla ya alfajiri. Nilisikia mawimbi, ndiyo, lakini hayo aliyasikia hata mgeni wa chumba cha kawaida kilichokuwa pembeni.

Saa za usingizi zihesabu peke yake, kwa sababu vinavyoleta usingizi mzuri ni vitu vingine kabisa. Nitavigusa katika hatua ya nne, na hapo ndipo ninapokuwa tayari kufungua mkoba kwa urahisi zaidi.

Hatua ya pili: Tafuta bei halisi ya kila chumba

Huwezi kulinganisha vyumba viwili kabla ya kujua kila kimoja kitakutoa kiasi gani mpaka unakabidhi ufunguo. Bei inayotangazwa mara nyingi huacha nje kodi ya mauzo, ada ya huduma, ada ya matumizi ya bwawa na intaneti, maegesho, na kifungua kinywa. Nchini Marekani ada hizo za lazima zilileta malalamiko mengi kiasi kwamba Tume ya Shirikisho ya Biashara ilitunga kanuni, iliyoanza kutumika tarehe 12 Mei 2025, inayowataka wenye hoteli na wauzaji wa vyumba vya muda mfupi kuzijumlisha katika bei wanayoitangaza tangu mwanzo, ingawa kodi za serikali zinaweza kuongezwa baadaye kabla ya malipo. Katika miji mingi ya Ulaya, ikiwemo Paris na Roma, kuna kodi ya mgeni inayohesabiwa kwa kila mtu na kwa kila usiku, ambayo mara nyingi hulipwa mapokezi na ambayo hupanda kadiri daraja la hoteli linavyopanda. Angalia pia kama bei ni ya chumba au ya mtu mmoja, kwa maana jambo hilo dogo limewafanya wengi kulipa mara mbili ya walivyokusudia.

Ukishapata jumla, tenganisha vitu viwili ambavyo hoteli hupenda kuvifungasha pamoja na chumba cha juu: chakula na uhuru wa kughairi.

Kifungua kinywa ni hesabu rahisi. Kama chumba bora kinazidi kwa 40 lakini kina kifungua kinywa cha watu wawili ambacho ukikinunua peke yake ni 30, basi chumba chenyewe kinakuzidishia 10 tu. Hesabu hiyo inasimama iwapo nyote wawili mnakula asubuhi na hamwondoki kabla ya ukumbi wa chakula kufunguliwa. Mtu anayeridhika na kikombe cha chai asiingize 30 katika hesabu yake. Aingize bei ya chai. Ndivyo pia ilivyo kwa ule ukumbi maalumu wa wageni wa ghorofa za juu, wenye vinywaji na vitafunio kuanzia alasiri: hesabu ni mara ngapi kweli utakwenda kukaa humo, kisha uweke thamani ya kile utakachokula wewe, bila kujali wingi wa vilivyopangwa mezani.

Uhuru wa kughairi unahitaji kufikiriwa kidogo zaidi. Bei isiyorejeshwa huwa chini kuliko bei inayokuruhusu kubadili mawazo, na watu wengi huona tofauti hiyo kama punguzo la bure. Kwa kweli ni bima unayoikataa, na kipimo chake ni chepesi kukumbuka: ikiwa punguzo ni asilimia 12, bei isiyorejeshwa inakufaa pale tu ambapo uwezekano wa safari kuvunjika uko chini ya asilimia 12. Kwa safari ya kesho kutwa ambayo tiketi yake iko mfukoni, chukua punguzo. Kwa safari ya miezi mitano ijayo inayotegemea ruhusa ya mwajiri, afya ya mzee au viza ambayo bado haijatoka, lipa zaidi bila kusita. Nafasi inayoghairika ina faida nyingine isiyosemwa sana: bei ikishuka kabla ya tarehe, unaweza kuweka nafasi mpya kwa bei ya chini na kuifuta ile ya awali, mradi muda wa mwisho wa kughairi haujapita. Mimi huandika tarehe hiyo ya mwisho kwenye kalenda ya simu siku ileile ninapolipa.

Na ukiwa nchi ya kigeni, mashine ya kadi ikikuuliza kama unataka kulipa kwa sarafu ya kwenu au ya nchi uliyopo, chagua ya nchi uliyopo, kwani kiwango cha ubadilishaji kinachotolewa papo hapo na mashine huwa kibaya kwa mlipaji katika hali nyingi.

Hatua ya tatu: Puuza jina la chumba, soma vipimo

Maneno kama bora, ya kifahari na ya hadhi hayana maana moja inayokubaliwa na hoteli zote. Chumba bora cha hoteli moja kinaweza kuwa kidogo kuliko chumba cha kawaida cha hoteli ya jirani. Pitia maelezo ukitafuta vitu vinavyopimika: mita za mraba, upana wa kitanda, ghorofa, idadi ya madirisha na upande yanakoelekea, aina ya bafu, na mwaka ambao chumba kilikarabatiwa. Kama maelezo ya chumba cha juu hayataji hata kimoja cha hivyo, na yanaendelea kusema kuwa ni cha kuvutia na chenye utulivu wa kipekee, chukulia kwamba unalipia rangi ya mito mpaka hoteli yenyewe ikuthibitishie vinginevyo.

Upana wa kitanda unastahili kutazamwa kwa makini, hasa kwa wasafiri wawili. Kitanda cha sentimita 140 kinampa kila mmoja sentimita 70, ambazo zinakaribia upana wa kitanda cha mtoto mchanga. Kitanda cha sentimita 180 kinampa kila mmoja sentimita 90, yaani upana wa kitanda cha mtu mmoja. Wanaolala wawili na ambao mmoja wao hugeukageuka usiku wanaweza kuona thamani ya tofauti hiyo kuanzia usiku wa kwanza. Anayelala peke yake hanunui chochote hapo.

Ukubwa wa chumba una kizingiti chake. Kutoka mita 14 za mraba hadi 20 unaongeza sehemu ya kufungulia sanduku, njia ya kupita kati ya kitanda na ukuta, na labda meza inayoweza kuandikiwa. Kutoka 30 hadi 36 unaongeza zulia. Mita ni sita mara zote mbili, lakini sita za kwanza zinabadilisha namna unavyoishi humo, na sita za pili hutaziona kama hujaja na watoto au kazi inayohitaji kutandaza karatasi.

Kuhusu nyota, kumbuka kwamba hakuna chombo kimoja kinachozigawa duniani kote. Ufaransa ina mfumo wa kitaifa wa nyota moja hadi tano. Nchi kadhaa za Ulaya ziliunganisha vigezo vyao mwaka 2009 chini ya umoja uitwao Hotelstars Union. Marekani haina mfumo wa serikali, na wanaopanga madaraja huko ni taasisi binafsi, ikiwemo AAA, chama cha wenye magari, inayotumia almasi mahali pa nyota. Kwa sehemu kubwa, vigezo vya namna hii huhesabu huduma na vifaa: kuna lifti au hakuna, mapokezi hufanya kazi saa ngapi, kuna huduma ya chumbani au la. Hoteli inaweza kutimiza orodha yote hiyo na bado chumba chako kikawa juu ya mlango wa kupakulia mizigo. Mara nyingi ni busara zaidi kulipia chumba kizuri katika hoteli ya nyota tatu iliyokarabatiwa karibuni kuliko chumba cha chini kabisa katika hoteli ya nyota tano iliyochakaa, ambacho kwa kawaida ndicho chenye dirisha linalotazama ukuta.

Angalia vilevile kama orodha ya chumba cha juu haijajazwa vitu ambavyo chumba cha chini pia kinavyo. Biashara ya hoteli ina historia ndefu ya anasa zinazogeuka kuwa kawaida. Ellsworth Statler alipofungua hoteli yake mjini Buffalo, Marekani, mwaka 1908, aliitangaza kwa ahadi ya chumba na bafu kwa dola moja na nusu, kwa sababu wakati ule bafu ndani ya chumba cha bei ya kawaida lilikuwa jambo la kushangaza. Leo hakuna anayetangaza bafu, lakini wapo wanaoorodhesha kikaushia nywele, birika la umeme na intaneti ya bure katika chumba cha kifahari kana kwamba wageni wa chini hawana. Weka orodha mbili pamoja, ufute vinavyojirudia, na utazame kilichobaki.

Picha zisikushughulishe sana. Hupigwa kwa lenzi pana inayosogeza kuta mbali. Kipimo changu ni kitanda: nikijua upana wake, ninakadiria ni vitanda vingapi vingeingia kati yake na ukuta, na hapo chumba kinarudi katika ukubwa wake. Picha za wageni, zile zenye taulo sakafuni, husema ukweli zaidi. Katika maoni ya wageni, soma ya miezi sita ya karibuni yanayotaja aina ya chumba unachokitaka, na utafute maneno machache tu: kelele, harufu, maji, lifti, ukarabati. Walioridhika kiasi, wanaotoa alama za kati, ndio wanaoeleza vizuri kilichopungua.

Hatua ya nne: Nunua usingizi, au uombe bure

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1999 inapendekeza kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30 usiku, na mlio wa ghafla usizidi 45. Desibeli 30 ni kimya cha kunong'ona. Hoteli hazitangazi vipimo hivyo, lakini mpangilio wa jengo unaweza kukuonyesha wapi kelele itatoka, na hapa ndipo msafiri makini anapopata faida kubwa kuliko chumba chochote cha kifahari.

Vyanzo vyake ni vichache na vinajulikana: lifti, ngazi, chumba cha wafanyakazi wa usafi ambako matoroli huanza kugongana mapema asubuhi, mashine ya barafu, jenereta, feni ya jikoni inayotoa hewa nje, ukumbi wa muziki wa ghorofa ya chini, barabara. Kuna na kimoja ambacho wageni hawakifikirii, nacho ni mlango wa kuunganisha vyumba. Vyumba vya namna hii hutengenezwa kwa ajili ya familia, na wakati hakuna familia huuzwa kimoja kimoja. Niliwahi kulala katika kimojawapo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo pande zote mbili, lakini chini yake palikuwa na upenyo wa kidole, na kupitia upenyo huo uliingia mstari mwembamba wa mwanga wa bluu wa televisheni, ukifuatwa na taarifa ya habari neno kwa neno, na baada ya saa sita usiku, mkoromo. Nilikuwa nimelipia chumba cha daraja la juu. Mgeni wa chumba cha kawaida mwisho wa korido, asiye na mlango kama huo, alilala vizuri kuliko mimi kwa bei ndogo.

Ndiyo maana nashauri, kabla ya kulipa hata senti moja ya ziada, uiandikie hoteli ujumbe mfupi siku mbili au tatu kabla ya kufika. Unaweza kusema hivi: “Nina nafasi kwa usiku wa tarehe hii. Nalala mapema, hivyo naomba, ikiwezekana, chumba cha ghorofa za kati au za juu, mbali na lifti na ngazi, kisichokuwa na mlango wa kuunganisha, na kisichoelekea barabarani. Natanguliza shukrani.” Mara nyingi vyumba vya namna hiyo vimo katika daraja lilelile ulilolipia, na anayegawa vyumba asubuhi hana sababu ya kukunyima kama hakuna mwenzako aliyekutangulia kuomba. Ombi la heshima lenye mambo matatu au manne bayana husikilizwa kuliko ombi la “chumba kizuri.”

Kuna wakati utulivu huuzwa kweli, na hapo lipa. Jengo jipya lenye madirisha ya vioo viwili, au upande wa bustani katika hoteli inayopakana na barabara kuu, ni ununuzi ambao sijawahi kuujutia. Ghorofa za juu hupunguza kelele za barabarani, ila iangalie ghorofa ya mwisho kabisa kwa tahadhari, kwa kuwa juu yake huenda kuna mitambo ya kiyoyozi au baa ya darini. Chumba cha kona mara nyingi kina jirani upande mmoja tu, ingawa kama kona yenyewe inakutana na ngazi, faida hiyo inapotea.

Baada ya kelele, angalia kiyoyozi unachoweza kukiongoza mwenyewe kutoka ndani ya chumba na pazia linalozuia mwanga kabisa. Ikiwa chumba cha chini kina feni tu na wewe hulali kwenye joto, tofauti ya bei imeshajilipa. Godoro ni bahati nasibu isiyofuata daraja la chumba sana, kwani hoteli nyingi hununua magodoro ya aina moja kwa jengo zima.

Hatua ya tano: Linganisha chumba na mahali

Fedha iliyotengwa kwa chumba cha juu inaweza kununua chumba cha kawaida mahali pazuri zaidi, na mara nyingi hilo ndilo chaguo la pili ambalo watu husahau kuliweka mezani. Hoteli ya mbali yenye bei ndogo ina nauli ya kwenda na kurudi, ina muda wa njiani, na ina jioni ambazo utaamua kutotoka tena kwa sababu umechoka kurudi. Zidisha nauli ya siku kwa idadi ya siku, ongeza dakika unazopoteza, kisha ulinganishe. Mtu mwenye mkutano saa mbili asubuhi anayelala mita 300 kutoka ukumbini amejipatia saa nzima ya usingizi ambayo hakuna kitanda kipana kitakachompa. Anayerudi usiku wa manane peke yake anunue ukaribu na usalama wa njia kwanza, na mapambo yasubiri.

Hatua ya sita: Subiri, uliza, kisha uliza tena

Bei za vyumba hazikai mahali pamoja. Namna ya kupandisha na kushusha bei kwa kufuata mahitaji ilikomazwa na mashirika ya ndege ya Marekani katika miaka ya 1980, na hoteli zikaichukua kwa sababu zinashiriki tatizo lilelile: chumba kisichouzwa usiku wa leo hakiwezi kuuzwa kesho. Matokeo yake ni kwamba tofauti kati ya chumba cha kawaida na cha juu inaweza kuwa 40 leo, na 15 jioni ya siku unayofika, ikiwa vyumba vya juu vimebaki vitupu.

Kwa hiyo, kama chumba cha kawaida kinakutosha na cha juu ni matamanio tu, weka nafasi ya kile cha kawaida, na ukifika mapokezi uliza kwa sauti ya kawaida: “Je, leo mna chumba cha juu, na tofauti yake ni kiasi gani kwa usiku pamoja na kodi?” Maneno pamoja na kodi yasiachwe. Nafasi yako ni kubwa zaidi ukiwa unalala usiku mmoja au miwili, katika siku ambayo hoteli haijajaa. Wakati wa sikukuu au kongamano kubwa usijisumbue. Kama chumba cha juu ni cha lazima, kwa mfano kwa sababu ya kiti cha magurudumu au kitanda cha mtoto, usicheze kamari hiyo. Kilipie mapema na upate uthibitisho wa maandishi.

Inafaa pia kuipigia hoteli moja kwa moja kabla ya kulipa kupitia tovuti ya kati. Tovuti hizo huikata hoteli kamisheni kwa kila nafasi, hivyo meneja huwa na sababu ya kukupa kitu kidogo ukija mwenyewe: kifungua kinywa, ruhusa ya kutoka saa nane mchana, au chumba cha upande mzuri. Kutoka kwa kuchelewa, kwa mtu mwenye safari ya usiku, huwa na thamani kuliko mita kumi za mraba.

Hatua ya saba: Jua lini ulipe bila majuto

Ongezeko lenye faida kubwa zaidi ni lile la chini kabisa, kutoka chumba kibaya hadi chumba cha heshima. Kama hoteli ya bei ndogo haina kitasa kinachofunga vizuri, maji ya uhakika au shuka safi, hakuna hesabu ya kufanya. Panda daraja, au badili hoteli. Baada ya kizingiti hicho kila kiasi unachoongeza hukupa kidogo kuliko kile kilichotangulia, na hapo ndipo unapopaswa kuwa mgumu.

Ningelipa zaidi ninaposafiri na mzee anayehitaji choo cha karibu na bafu lisiloteleza. Ninapokuwa na watoto wadogo ambao watalala saa mbili usiku na kuwaacha wazazi gizani kama hakuna sebule ya pembeni. Ninapokaa zaidi ya wiki moja, ambapo jiko dogo na mahali pa kufulia hurudisha gharama. Na ninapokuwa na mtihani, upasuaji au mazungumzo mazito asubuhi inayofuata. Fungate nayo niiache nje ya hesabu, maana hapo watu hununua kumbukumbu, na kumbukumbu haina mita za mraba. Nisingelipa zaidi kwa bwawa nisiloogelea, kwa mandhari ya usiku mmoja, wala kwa chumba chenye sebule ninapokuwa peke yangu. Viti vya sebule hiyo huishia kuning'inizwa mashati.

Hatua ya nane: Kagua kabla ya kufungua sanduku

Ukilipia zaidi una haki ya kupata ulicholipia, na dakika kumi za kwanza ndizo za kudai. Acha sanduku karibu na mlango. Funga mlango na ujaribu komeo. Fungulia maji ya moto uyaache yatiririke huku ukiwasha kiyoyozi. Inua pembe ya shuka utazame mishono ya godoro. Kunguni mzima ana ukubwa wa mbegu ya tufaha na huacha madoa madogo meusi, na ukiyaona usikubali chumba cha jirani, omba ghorofa nyingine. Kisha zima kila kitu, simama katikati ya chumba, usikilize kwa dakika moja. Angalia chini ya mlango wowote wa kuunganisha.

Kikiwa kinyume na ulichoahidiwa, shuka mapokezi mara moja ukiwa na uthibitisho wa nafasi kwenye simu, ueleze jambo moja au mawili bayana, na uombe kubadilishiwa au kurudishiwa tofauti ya bei. Chumba ambacho hakijatumiwa ni rahisi kukibadilisha. Ukishaoga na kulalia kitanda, mhudumu atalazimika kukisafisha upya, na utayari wake utapungua kwa haki.

Na kikikupendeza, kabla ya kukabidhi ufunguo andika jina la hoteli na nambari ya chumba hicho kwenye simu. Safari ijayo utaomba nambari hiyo kwa bei ya chumba cha kawaida.